Tuliohama Tuhamishe na Kura Zetu

 

Mombasa na Nairobi zimejaa familia za Kiislamu zilizotoka Lamu, Garissa, Wajir na kwingineko. Zimejenga, zimeoza mabinti na kuzika wazee huko huko. Lakini ukiuliza jina la baba mwenye nyumba limo wapi katika daftari la wapiga kura, mara nyingi utaambiwa lipo katika skuli aliyojiandikishia ujanani, mamia ya kilomita kutoka anapoishi. Siku ya uchaguzi ama hufunga duka akalipa nauli, ama hubaki nyumbani. Katika uchaguzi mkuu wa Agosti 2022 waliosajiliwa walizidi milioni 22, na waliopiga kura walikuwa kama asilimia 65 tu. Hatusemi kwamba wote waliokosa walikuwa wamehama. Ila tunawajua waliokosa kwa sababu hiyo, nao si wachache.

Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita. Ya rais ni moja kwa nchi nzima. Tano zilizobaki, za gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na mwakilishi wa wadi, zimefungamana na mahali. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti uzoaji wa taka, zahanati, shule za chekechea, na hata makaburi. Basi Muislamu aishiye Kisauni na kupigia kura Lamu huwachagulia wengine gavana, na kuhusu ardhi atakayozikwa yeye hana la kusema. Wapo walioacha majina yao kwao kwa mapenzi tu. Mapenzi hayo tunayaheshimu, na hakuna anayewalazimisha kuhama. Lakini takataka zinazorundikana mlangoni pako hazimhusu mwakilishi wa wadi uliyoiacha.

Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 inamtaka anayehamia eneo bunge jingine aiarifu Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi. Kwa mujibu wa Katiba uchaguzi mkuu unaangukia tarehe 10 Agosti 2027. Hesabu hiyo inatufikisha kabla ya katikati ya Mei. Mhusika huenda mwenyewe katika afisi ya Tume ya eneo analotaka kuhamia, akiwa na kitambulisho chake. Asije akajiandikisha upya kana kwamba hakuwahi kusajiliwa, kwani kujisajili mara mbili ni kosa la jinai.

Kina mama tunawakumbusha zaidi. Binti huolewa akahamia mji wa mumewe, na jina lake likabaki kituo cha kwa wazazi. Dini haimtaki aache jina la baba yake, kwa hiyo wengi wao hawana jina la kubadilisha. Wana mahali pa kubadilisha. Ndugu zetu waliosilimu na kuchukua majina mapya waanze na kitambulisho cha taifa, kisha ndipo waende kwa Tume. Majina yakipishana, siku ya kura ni siku ya mabishano na karani.

Kuna jambo jingine tusiloliona haya kulisema. Ukaguzi wa daftari uliofanywa mwaka 2022 ulikuta majina ya marehemu zaidi ya 240,000. Sisi huharakisha kuzika, na ndivyo tulivyofundishwa. Lakini baada ya hitima, nani huenda kuandikisha kifo? Aghalabu familia hukumbuka cheti pale tu mirathi inapofika kwa Kadhi. Mpaka siku hiyo marehemu yumo daftarini, na jina lake ni mlango wazi kwa mwizi wa kura. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Umma wenye aya hiyo haukustahili kuwa mzembe wa maandishi.

Maimamu wanaotangaza jeneza baada ya sala, na kamati za misikiti zinazosimamia mazishi, wangeweza kumteua mtu mmojawapo aifuate familia wiki ile ile, aisindikize kwa naibu wa chifu na kwa msajili wa vifo.