Kosa la Haggard si Ujinga

"Mashimo ya Mfalme Sulemani", kwa Kiswahili cha Frederick Johnson, yalisomwa sana kwetu, ndiyo maana kila mtu ana lake la kusema juu ya H. Rider Haggard. Mengi hayasimami.

Wanasema hakuijua Afrika. Aliijua. Alifika Natal mwaka 1875 akiwa kijana wa miaka 19, akatumikia serikali ya kikoloni, na mwaka 1877 alishiriki kupandisha bendera ya Uingereza Pretoria. Umslopogaas, yule mpiga shoka wa "Allan Quatermain", alitokana na Mswazi halisi aliyekutana naye huko. Asichokijua ni huku kwetu: safari ya kitabu hicho inaanzia Lamu, lakini habari za Umasaini aliziokota kwa msafiri Joseph Thomson.

Wengine hukidharau kile cha "Mashimo ya Mfalme Sulemani", cha 1885, kwa kuwa kiliandikwa kwa wiki chache, kwa dau la shilingi moja na kaka yake. Na iwe hivyo. Kasi si hoja.

Watetezi wake nao hutaja Ignosi, mfalme Mwafrika mwenye heshima, anayekataa katakata wafanyabiashara wa bunduki na pombe wasiingie nchini mwake. Kweli kabisa. Lakini itazameni ile barabara. Wakukuana, watu wa Ignosi, wanapita kila siku juu ya barabara kuu iliyochongwa mwambani, na mzee Infadoos akiulizwa ilijengwaje, anajibu kuwa hakuna ajuaye, hata yule mchawi mkongwe Gagool. Ushujaa, jeshi na sheria Haggard amewapa wenyeji. Ujenzi kawapa wageni wa kale. Foulata, binti anayempenda Kapteni Good, anachomwa kisu pangoni, na msimulizi anaona heri, eti kifo chake kimeepusha matata! Asiyewajua Waafrika ningemsamehe. Huyu aliishi nao.

Limebaki lile la Zimbabwe Kuu, kwamba ilijengwa na Wafoinike au watu wa Sulemani. Uvumi huo Haggard hakuuanzisha. Mjerumani Karl Mauch alikuwa ameshamtaja Malkia wa Sheba tangu 1871. Riwaya iliutia mbolea tu. David Randall-MacIver alichimba mwaka 1905, Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, na wote wakakuta kazi ya Waafrika. Walowezi wa Rhodesia hawakutaka kusikia. Mwanaakiolojia Peter Garlake, aliyeushikilia ukweli huo, ilimbidi aihame nchi mwaka 1970.