Binti wa maktaba ya wakili na siri za mezani

Ofisi nyingi za mawakili katika miji midogo hazina maktaba yenye chumba chake. Kuna kabati la vioo nyuma ya meza ya karani. Ndani yake vimepangwa vitabu vya Tanzania Law Reports, sheria za nchi, nakala za Gazeti la Serikali na mafaili ya wateja. Pembeni kuna kompyuta, printa, skana na rejista kubwa ya wateja. Hiyo ndiyo maktaba.

Mwenye ufunguo wa kabati hilo mara nyingi ni binti au kijana aliyemaliza shule au chuo, na wazazi wake huwa hawajui hasa anafanya nini kutwa nzima. Wakiulizwa husema, "Yuko kwa wakili, anachapa." Kumbe anatafuta hukumu, anahakiki namba za vifungu, anaskani nyaraka za kuingizwa katika mfumo wa mahakama wa kielektroniki, na anatunza siri za nusu ya mji.

Ichukuliwe familia moja ya Karatu kwa mfano. Baba ni dereva wa watalii, anawapeleka kreta ya Ngorongoro na kuwarudisha. Binti yake ni karani wa maktaba katika ofisi ya wakili mjini. Shangazi wa binti, dada yake baba, anauza vitunguu vya Mang'ola sokoni. Mume wa shangazi anafanya kazi katika hoteli moja ndani ya hifadhi, juu ukingoni mwa kreta, na hurudi nyumbani siku za likizo. Kwa miaka kumi na minane mama huyu amelea watoto wanne, amesimamia mafundi na amelinda nyumba. Fedha za kiwanja na matofali zilitoka katika mshahara wa mume.

Siku moja anasikia kwa jirani kwamba nyumba ina mnunuzi.

Jibu la simu

Asubuhi inayofuata anafika ofisini kwa binti.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Usiniulize habari za nyumbani, nyumbani penyewe panauzwa."

Anatoa simu. Usiku wa jana mwanawe wa kidato cha tatu aliiuliza programu ya akili mnemba, nayo ikajibu bila kusita. Ilitaja kesi ya Mahakama ya Rufani, ikaipa mwaka, namba na majina ya pande mbili, ikasema mke hupata nusu ya nyumba siku zote. Mama amelala na jibu hilo kama mtu aliyepata hati.

Binti anafanya alichofundishwa. Anafungua kabati na kutazama faharasa ya kitabu cha mwaka uliotajwa. Kesi haipo. Anaingia TanzLII, tovuti ya Mahakama ya Tanzania inayoweka hukumu na sheria bure kwa yeyote mwenye intaneti. Anatafuta kwa jina, kwa namba, kisha kwa mwaka. Haipo.

"Shangazi, kesi hii haipo."

"Haipo vipi na imeandikwa hapa?"

Kosa hilo limewapata hata mawakili wa mataifa makubwa. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York, Marekani, iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizotungwa na ChatGPT. Kesi zile zilikuwa na majina, tarehe na maneno ya majaji, na hakuna hata moja iliyowahi kusikilizwa. Programu ya aina hiyo hupanga maneno yanayofanana na jibu. Kutafuta katika kabati si kazi yake, isipokuwa imeunganishwa na kabati la kweli, na hata hapo mtu lazima afungue na kusoma.

Kujua kama hukumu ipo si kazi ngumu. Hukumu zilizowekwa TanzLII huwa na alama yake: mwaka katika mabano, herufi za mahakama, kisha namba. TZCA ni Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu. Kesi isiyoonekana pale wala katika vitabu isitegemewe hadi nakala yake ipatikane.

Kesi ya kweli, hadi ukurasa wa mwisho

Iko kesi ya kweli inayowahusu wanawake kama shangazi huyu. Ni ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Kabla ya hapo majaji walitofautiana: je, mke asiye na mshahara, aliyepika, kufua na kulea, amechangia mali ya ndoa? Mahakama ya Rufani ilisema ndiyo. Kazi za nyumbani ni mchango. Tangu hapo kesi hiyo imekuwa ikitajwa katika mashauri ya mali za ndoa, na wanawake wengi wamepata haki kwa sababu yake.

Wengi huishia hapo, na karani mzuri wa maktaba husoma hadi mwisho. Mwishoni Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mume alikuwa amempa fedha za kujianzishia mradi wa familia, naye akazitapanya. Mahakama iliona kwamba mwenendo huo umefuta mchango wake, ikaitupa rufaa. Kanuni ilibaki kwa faida ya wengine, mwenye kesi akaondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo "nusu siku zote" si sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114 cha toleo la 2019, inaitaka mahakama iangalie mila za jamii, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyoingiwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya hayo ndipo mahakama huelekea kwenye usawa. Mwenye risiti, daftari la mafundi na mashahidi anasimama vizuri kuliko mwenye machozi peke yake.

Tena mgawanyo huo huja ndoa inapovunjwa au wanandoa wanapotenganishwa na mahakama. Shangazi hajaachika. Kinachomhusu leo ni kifungu cha 59 cha sheria hiyohiyo: wakati ndoa ipo, mwenye nyumba ya familia haruhusiwi kuiuza, kuigawa, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Asiyeandikwa kwenye hati anahesabiwa kuwa na maslahi katika nyumba hiyo, na anaweza kuyalinda kwa kuweka zuio.

Katika ofisi ya Karatu kuna swali jingine linalotangulia: mali iko upande gani wa geti? Ndani ya hifadhi ya Ngorongoro kuna sheria maalumu iliyoanza mwaka 1959, inayogusa makazi, kilimo na ujenzi. Nje ya geti kuna viwanja vya mjini, na kuna mashamba yaliyo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja ndani na mwingine nje, wanaweza kuhitaji vitabu tofauti.

Jina katika rejista

Binti hakufika kumweleza shangazi haya yote. Alipofungua rejista ili amwandikishe kumwona wakili, aliona jina la mume wa shangazi. Alikuwa amekuja wiki iliyopita, siku ambayo binti alitumwa Arusha. Mbele ya jina pameandikwa: mkataba wa mauzo.

Alifunga rejista, akaenda kumwambia wakili. Wakili alitoka, akamsalimia mama kwa heshima na kumwambia maneno machache: ofisi hii haiwezi kulichukua jambo lako, tafadhali nenda kwa wakili mwingine, au kwa watoa msaada wa kisheria kama gharama ni tatizo, na usichelewe. Sababu hakuitaja.

Shangazi aliondoka na kidonda. "Mtoto niliyemlipia ada ya sekondari ananiacha nifukuzwe kama mgeni."

Jioni maneno yalifika nyumbani kabla ya binti. Baba alikuwa mezani, hajagusa chakula.

"Shangazi yako amelia hapa. Huko ofisini mmeona nini?"

"Baba, hilo siwezi kulisema."

"Mimi ni baba yako."

"Najua, baba. Nisamehe. Siwezi."

Hapo ndipo familia nyingi hukosea. Mzazi husomesha mtoto ili apate kazi ya heshima, kisha siku ya kwanza heshima hiyo inapomgusa ndugu, anamtaka mtoto aivunje. Binti akisema, anaweza kupoteza kazi. Zaidi ya hapo, anavunja kinga ambayo sheria imempa kila mteja. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inalinda mazungumzo ya mteja na wakili wake, na ulinzi huo unawafikia pia makarani na watumishi wa wakili. Kinga inayomlinda mume leo ndiyo itakayomlinda shangazi kesho atakapokaa mbele ya wakili wake mwenyewe.

Baba alinyamaza kwa muda. Yeye husikia mengi ndani ya gari: wageni wanaogombana, wanaopanga biashara, wanaolia kwa simu. Hajawahi kuyaleta nyumbani. Alinawa mikono akaanza kula. Baadaye alimpigia dada yake. Hakumuuliza binti tena.

"Dada, ofisi ikikwambia nenda kwingine, nenda. Kesho nina nafasi, nitakupeleka mwenyewe."

Mtoto asigeuzwe wakili wa nyumba

Kuna mtu mwingine aliyesahaulika: yule mvulana wa kidato cha tatu. Usiku ule ndiye aliyeshika simu akimtafutia mama yake namna ya kumshinda baba yake. Hukumu nyingi za mahakama za juu zimeandikwa kwa Kiingereza, ingawa marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kwa hiyo katika nyumba nyingi mtoto ndiye anayeitwa kusoma na kutafsiri. Anasoma kuhusu talaka, ugoni na mgawanyo wa mali, huku anaowasomea ni wazazi wake. Kesho yake anaingia darasani na mzigo huo.

Simu na itumike, ila mzigo ubebwe na watu wazima. Jirani mwalimu, mtoa msaada wa kisheria au karani wa ofisi isiyohusika anaweza kusoma ukurasa uleule. Mtoto aachwe awapende wazazi wote wawili.

Ya kushika

Mzazi mwenye mtoto anayependa kupanga vitu, anayesoma hadi mwisho na asiye mwepesi wa kusema, asiidharau kazi ya maktaba ya sheria. Teknolojia haijaiondoa. Imeongeza vya kuhakiki: hukumu mpya zinazowekwa kwenye tovuti, matoleo ya sheria yanayobadilika, majibu ya akili mnemba yanayoletwa na wateja wenyewe. Mtoto huyo ajifunze Kiingereza na Kiswahili sanifu, kompyuta, na kufunga mdomo.

Mtoto aliyekwisha kuipata kazi hiyo asiulizwe mezani nani kaja ofisini. Nenosiri la mfumo wa ofisi lisijulikane nyumbani, na simu yake ya kazi isiwe ya wadogo zake kuchezea.

Mke au mume anayesikia nyumba ya familia inauzwa asisubiri. Akusanye nakala za hati, risiti na cheti cha ndoa, amwone wakili au mtoa msaada wa kisheria, aulize kuhusu ridhaa na zuio siku hiyohiyo. Jibu la simu liwe swali la kumpelekea wakili, lisiwe ndiyo ushauri wenyewe.

Shangazi alikwenda. Wakili wa pili alimuuliza kama amewahi kusaini ridhaa, akasema hapana, na hatua za zuio zikaanza. Nyumba bado ina mgogoro, na wazee wa pande mbili wameitwa. Jumapili alipita kwa kaka yake na kilo kadhaa za vitunguu. Binti alitoka jikoni.

"Shikamoo shangazi."

Shangazi alimtazama, akachukua muda wake.

"Marahaba. Na usiponiambia kitu safari hii, sikasiriki. Leta sufuria."