Mnaosema Kiswahili Hakitoshi, Njooni Kiwira Mtunge Chambo

Majuzi mwandishi mwenzangu, msomi wa kutosha tu, aliniambia kwenye simu: "Ndugu yangu, hayo mambo ya uvuvi wa Wazungu hayaandikiki kwa Kiswahili. Maneno hatuna. Tuandike mapenzi na siasa." Nilikuwa nyumbani Kiwira, nimekaa ukingoni mwa bwawa la perege la mjomba, pakiti ya ndoana mapajani. Nilicheka, tukaagana. Usiku sikupata usingizi. Nimeona nimjibu hapa hadharani, kwa sababu ugonjwa huu si wake peke yake.

Pakiti niliachiwa na binamu anayeishi Uingereza. Ndani mna wavu mwembamba ulioshonwa kama soksi ndefu, sindano yenye kulabu kwenye ncha, na ndoana zilizokwisha kufungwa kwenye vipande vifupi vya mshipi. Wavu huo ni wa polivinaili alkoholi, plastiki iliyotengenezwa makusudi iyeyuke majini. Wenzetu hutumia vifaa hivi kumvua karpi, samaki anayepekua chakula kwenye tope la chini. Kiwira karpi hatuna, na heri iwe hivyo, maana mto wetu unamwaga Ziwa Nyasa, na Naivasha kule Kenya wameshaona karpi anavyolitawala ziwa.

Sasa, kazi yenyewe ni hii, nami naieleza kwa lugha ambayo eti haina maneno.

Unafunga fundo kwenye ncha ya wavu. Unamimina konzi ya punje za chakula cha samaki, unazishindilia mpaka zikae imara kama ngumi, unasokota wavu juu yake, unapiga fundo la pili, unakata. Umepata kifuko. Kisha unapenyeza sindano katikati ya kifuko, iingie juu na kutokea chini. Kulabu yake unainasia kitanzi cha ule mshipi mfupi, halafu unairudisha sindano taratibu ilikotoka, ivute mshipi nyuma yake mpaka ndoana ifike kwenye kitako cha kifuko na kuchomeka kidogo kwenye wavu. Kitanzi kilichotokea juu unakifunga kwenye mshipi mkuu, karibu na chubwi. Unarusha. Kifuko kinazama kikiwa kimeifunika ndoana isinase majani, kinatua chini, kinayeyuka, na ndoana inabaki imelala kando ya kichuguu cha chakula. Samaki anakuja mezani mwenyewe.

Haya, niambieni ni neno gani lililokosekana hapo.

Nakiri jaribio langu la kwanza lilikuwa aibu. Punje ziliniishia, nikajaza ugali wa jana na nyungunyungu wabichi. Kifuko kikaanza kuyeyukia kiganjani, kikawa makamasi. Cha pili nilikijaza pumba kavu, lakini kabla sijarusha, mvua ikashuka, na mvua ya huku Rungwe haibishi hodi. Kumbe siri ya kifuko hiki ni ukavu: mkono mkavu, chambo kikavu au chenye mafuta. Mjomba alikuwa akinitazama muda wote. Akasema, "Mwanangu, hicho kidude kimetengenezewa watu wenye miavuli." Akachukua pumba za mahindi, akazitia maji kidogo, akazikanda kuizunguka ndoana mpaka likawa donge, akatupa. Donge lilipofika chini likamumunyuka, pumba zikaizunguka ndoana. Akili ni ileile ya kiwanda cha Ulaya, tofauti ni kwamba yake haikupanda ndege. Perege tuliyempata hakuuliza.

Ndipo nikaelewa ninachotaka kumjibu yule rafiki. Mjomba ana vitenzi vyote: kukanda, kumumunyuka, kuchomeka, kunasa. Sisi tunaojiita waandishi ndio hatuna, kwa sababu hatujawahi kukaa kando ya mtu anayefanya kazi tukautazama mkono wake. Soma hadithi zetu nyingi za sasa: "alikwenda kuvua, akarudi na samaki." Alivua kwa nini? Kwa mshipi, kwa wavu, kwa mgono? Mwandishi hajui, anaruka haraka aende kwenye machozi. Halafu akibanwa anaisingizia lugha.

Najua utetezi wenu: maneno mengine lazima tuyakope. Kweli, na mimi nimekopa. Karpi nimekopa, polivinaili nimekopa. Kukopa jina la kitu si dhambi, Kiswahili kimekopa meza na shule na hakikufa. Lakini tendo la mkono hukopi, jamani. Vidole vya mtu wa Kiwira vinasokota, vinashindilia na kupenyeza sawa na vya mtu wa Kent. Anayeshindwa kuandika tendo hilo ana upungufu wa macho.

Na msiniambie haijawahi kufanyika. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa 1980, mwaka mmoja tu kabla hajafa. Ndani yake kazi za watu wa Ukerewe, hadi upikaji wa pombe ya ndizi, zimeelezwa kwa utulivu wa mtu asiyeona haya kuandika juu ya kazi. Hemingway naye, mnayemtaja kila mkipata nafasi, katika riwaya ya mvuvi mzee anaeleza dagaa walivyotungwa kwenye ndoana na kila mshipi umeshuka kina gani. Mnamsifu yeye kwa hilo, halafu mnaona mjomba wangu hastahili hata aya moja.

Tena lugha yenyewe inatusuta. Shanga zinatungwa. Samaki wanatungwa kwenye ugwe wapelekwe gulioni. Chambo kinatungwa kwenye ndoana. Shairi linatungwa. Wazee waliotuachia neno moja kwa kazi zote hizo hawakumtenga mshairi na mvuvi. Wote wawili walikuwa watu wa kupenyeza uzi mahali pembamba bila kuukata.

Kinachonitia hasira ni kwamba tukiendelea hivi, mtoto wa Kiwira atajua kutega samaki kwa mikono yake, lakini akitaka kuisoma kazi hiyo ataikuta kwa Kiingereza tu, kwenye pakiti, na ataamini kwamba ya mjomba wake si elimu.

Kwa hiyo rafiki yangu, kabla hujasema tena kwamba hatuna maneno, panda basi la Tukuyu, ushuke Kiwira. Kifuko kimoja kimebaki. Nimekihifadhi pakavu.