Kartushi si chumvi

Katika kurasa kama hizi kila mara tunasifu uwindaji wa mababu wetu. Ni vizuri. Lakini kuna jambo moja tunalipita kimya, na kimya hicho kimezidi. Leo kartushi ya kalibre 12 inauzwa kama chumvi. Mchuuzi anapanda njia ya Buta ao ya Opala na kinga yake, anabeba chumvi, sabuni, betri za toshi, na chini ya sabuni kartushi. Hakuna anayemuuliza mnunuzi: wewe ni nani, bunduki yako iko na karatasi? Kinachoulizwa ni franka tu.

Na mutu akikemea, anajibiwa: «Mwalimu, acha, kuwinda njo mila yetu.» Jibu hilo ndilo nataka kulivunja hapa.

Kwanza, bunduki si mila yetu. Ilifika hapa kwenye Maporomoko pamoja na biashara ya pembe za ndovu. Stanley aliacha kituo chake hapa mwaka 1883. Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa Zanzibar, akawekwa kuwa gavana wa Stanley Falls. Watu wake hawakubeba bunduki kwa ajili ya chungu cha nyumbani. Bunduki na baruti zilikuwa za bwana, na pembe zilikuwa za bwana. Kiswahili hiki ninachoandika kilipita njia ileile, nakubali. Lakini Kiswahili tumekifanya chetu, kwa sababu kila mutu anakisema bila kulipa. Kartushi ni ya yule anayeiuza mpaka leo. Nyingi zinazotembea katika Afrika ya Kati zilitoka kiwanda cha MACC kule Pointe-Noire, Kongo-Brazzaville. Je, babu gani alifuma kartushi?

Mila ni wavu. Angalieni Wambuti wa Ituri: wanaume wanasimamisha nyavu zao moja kando ya nyingine, wanawake na watoto wanafukuza nyama kwa kelele. Mutu mmoja hawezi kuwinda hivyo. Na kwa kuwa wote walitoka jasho, wote wanagawiwa. Wavu unamlazimisha mutu kupatana na jirani yake kabla ya kuingia mu pori. Hiyo ndiyo mila, ule mpango wa watu, kuliko hata nyama yenyewe.

Kartushi inavunja mpango huo. Tajiri wa mjini anatoa bunduki, anatoa kartushi za deni, na muwindaji anaingia porini peke yake, usiku, na toshi kwenye kichwa. Akirudi, nyama si yake tena. Lazima alipe kartushi kwanza. Kwa sababu kartushi ni ghali, hataki kuipoteza juu ya mboloko wa kilo tano. Anatafuta nguruwe wa pori, anatafuta makako wakubwa. Makako waliokaa salama juu ya miti, mahali wavu haufiki, leo wanamalizika wa kwanza. Ndiyo maana nasema: mwenye kartushi ndiye mwenye nyama. Ilikuwa hivyo wakati wa Tippu Tip, ni hivyo leo.

Watasema: «Watu watakula nini?» Swali ni la haki, njaa iko. Lakini fuateni nyama yenyewe. Deni la kartushi linailazimisha kuja kuuzwa hapa Kisangani, ikiwa imekaushwa na moshi. Mtoto wa kijijini anabaki na sombe lake. Kartushi haimlishi yeye, inamlisha mwenye duka.

Na kuna jambo zito zaidi. Tangu Februari 2023 tumeona, ng'ambo ya mto, katika komini ya Lubunga na vijiji vya nyuma yake, Wambole na Walengola wakiuana kwa sababu ya ardhi. Mamia ya watu walikufa, nyumba zilichomwa, familia zikavuka mto kuja upande wetu. Panga na mishale zilikuwako, na bunduki za kuwinda za kalibre 12 zilikuwako. Sitafuti nani alianza. Nasema tu kwamba kartushi iliyonunuliwa kwa ajili ya nguruwe haijui kama mbele yake ni nguruwe ao mutu. Wavu haujawahi kumaliza kijiji.

Wengine watanionyesha Marekani, ambako duka kubwa kama Walmart linauza bunduki za kuwinda pamoja na mkate na viatu. Wale nao wanasema kuwinda ni mila yao, na siwasifu, wanazika watu wengi kila mwaka. Lakini hata kule, mwenye duka la ruhusa lazima achunguzishe jina la mnunuzi wa bunduki. Mwaka 2018 Walmart ilipandisha umri wa mnunuzi hadi miaka 21. Mwaka 2019, baada ya watu kuuawa ndani ya duka lake la El Paso, iliamua kuacha kuuza risasi za bastola. Duka linajulikana, linaweza kuulizwa. Kwetu tutamuuliza nani? Kinga imekwisha kupita.

Sheria tunazo. Ile ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inadai kibali cha kuwinda na inalinda okapi. Ile ya silaha na risasi ya tarehe 3 Septemba 1985 inadai kibali cha bunduki. Zimelala kwenye kabati.

Basi, shirika letu lisingoje. Tuwaombe machefu wa vijiji waandike kila bunduki na mwenye bunduki. Tudai kila muuzaji wa kartushi awe na ruhusa na daftari, na jina la mnunuzi liandikwe. Katika sikukuu zetu, ngoma ya wawindaji ichezwe na wavu na mkuki, bunduki ibaki nje. Na wazee wanaojua kufuma nyavu waitwe shuleni kufundisha watoto, wangali hai.

Asiyekubali haya aendelee kuuza. Lakini asitumie jina la mababu kufunika biashara yake.