Jina la Nateete linaishia mpakani

Mfanyabiashara wa Nateete, Kampala, anayepeleka unga, sabuni au viungo vya chai Bukoba, Kigali au Beni anapeleka na jina lake. Jina hilo, kwa wengi wao, halina mlinzi ng'ambo ya mpaka. Cheti cha alama ya biashara kinachotolewa na Shirika la Huduma za Usajili la Uganda (URSB) kina nguvu ndani ya Uganda tu. Mzigo ukishapita Mutukula, Katuna, Mpondwe au Busia, yeyote mwenye fedha za ada anaweza kuliandikisha jina lile lile kuwa lake.

Na tunazungumzia wale wachache wenye cheti. Kwenye maduka na viwanda vidogo vya kutoka soko la Nateete hadi Busega, wengi wanaamini kwamba jina la biashara walilosajili, leseni ya Mamlaka ya Jiji la Kampala na alama ya ubora ya Shirika la Viwango, UNBS, vinatosha. Havitoshi. Jina la biashara linaonyesha nani anafanya biashara, leseni inamruhusu kufungua duka, na alama ya ubora inamhakikishia mlaji kwamba bidhaa imepimwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomzuia mwingine kuweka chapa yako kwenye mfuko wake.

Mwizi wa jina mara nyingi si mgeni. Ni wakala uliyempa bidhaa aziuze upande wa pili, akaona zinavyokwenda, akakutangulia kwenye ofisi ya msajili wa nchi yake. Siku mtakapokosana kuhusu bei, atakuonyesha cheti, na mzigo wako ndio utakaoitwa bandia. Hatari hii ni kubwa zaidi Kongo, ambako sheria ya mwaka 1982 inajenga haki ya alama juu ya kuandikishwa. Kusema umelitumia jina hilo Kampala kwa miaka mingi hakutakufikisha mbali.

Hata wakubwa wanaumia. Kampuni ya migahawa ya Nairobi Java House ilianza kujijengea jina Kenya mwaka 1999. Ilipokuja kuomba alama zake Uganda, ilikuta pingamizi la kampuni ya Mandela Auto Spares, wenye Café Javas, na Msajili akakubaliana na wapingaji. Ilibidi Mahakama Kuu mjini Kampala, mwaka 2016, iutengue uamuzi huo. Java House ilikuwa na mawakili na fedha za kungojea hukumu. Mama anayefungasha viungo vya chai karibu na stendi ya Nateete hana hata kimoja. Kesi ya namna hiyo ikimkuta Kigali au Goma, ataliacha jina na soko pamoja.

Serikali yetu imemwacha na nusu ya njia. Uganda imo katika Itifaki ya Banjul, ambayo kwayo ombi moja linapitia URSB, linakwenda Shirika la Miliki Ubunifu la Kanda ya Afrika (ARIPO) mjini Harare, na kutoka huko linafika Tanzania, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe na wanachama wengine. Ni njia nzuri, lakini angalia ramani: kati ya majirani tunaopakana nao, Tanzania peke yake ndiyo imo. Kenya na Rwanda zimechagua Itifaki ya Madrid, Kenya tangu 1998 na Rwanda tangu 2013. Uganda haimo humo. Kwa hiyo mshindani wa Nairobi mwenye alama iliyosajiliwa kwao anaandika ombi moja, analipa ada ya msingi ya faranga 653 za Uswisi na ada za nchi anazozitaka, na mlango wa nchi zaidi ya 130 unafunguka. Wa Nateete anatafuta wakala wa Nairobi, kisha wa Kigali, kisha wa Kinshasa, na kila mmoja ana bei yake.

Soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilianza mwaka 2010. Kifungu cha 43 cha itifaki yake kinazitaka nchi wanachama zishirikiane katika haki za miliki ubunifu. Hadi leo hakuna alama moja inayotambulika katika Jumuiya nzima. Bidhaa zimeruhusiwa kuvuka, majina yamebaki nyuma.

Tunalitaka Bunge na Wizara ya Sheria wauchukue uanachama wa Madrid kuwa jambo la mwaka huu. Itasemwa kwamba kampuni za kigeni zitajaza daftari letu la alama na kwamba mawakili wa hapa watapoteza kazi. Hofu hiyo ina ukweli ndani yake, lakini gharama ya kukaa nje inalipwa na wazalishaji wadogo, na wao hawana chama cha kuwasemea. Madrid pia haitafika Tanzania wala Kongo, kwa hiyo Banjul haiwezi kutupwa, na Jumuiya haiwezi kuendelea kukaa kimya. Ethiopia ilipoomba kusajili Marekani majina ya kahawa yake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, mwaka 2005, ilivutana na Starbucks hadi walipotia saini makubaliano mwaka 2007. Iliyosimama mbele ilikuwa serikali, mkulima hakuachwa peke yake.

URSB nayo ishuke kutoka Kololo, iweke meza Nateete siku za soko, iwaeleze watu kwa Kiganda na Kiswahili. Wakati hayo yakingojwa, mzalishaji aandikishe alama yake nyumbani kabla ya kupakia mzigo wa kwanza wa nje. Mkataba na wakala useme wazi kwamba jina si la wakala. Na akumbuke kwamba Mkataba wa Paris, ambao Uganda imo tangu 1965, unampa miezi sita ya kuomba Kenya, Tanzania, Rwanda au Kongo huku tarehe ya ombi la Kampala ikihesabiwa kuwa ndiyo yake. Miezi hiyo inaanza kuhesabiwa siku ombi la kwanza linapowasilishwa, wala haingoji cheti kutoka.