Dereva wa lori apimwe pia usingizi

Ndugu msomaji, huenda hujawahi kuketi ndani ya lori la trela, wala huna nia hiyo. Lakini ukipanda gari la usiku kutoka Kitale au Bungoma kwenda Nairobi, unapishana na malori hayo tangu Webuye hadi Rironi, na kila unapopishana na mojawapo, kinachokutenga nalo ni macho ya mtu mmoja usiyemjua. Je, mtu huyo alilala lini mara ya mwisho?

Nauliza kwa sababu niliwahi kupata nafasi ya kumwuliza mmoja wao swali hilo, tena nikiwa daktari wake, na sikumwuliza.

Kliniki yangu iko Kibabii, kwenye barabara itokayo Bungoma mjini kwenda Chwele. Wagonjwa wangu wengi ni walimu, wanafunzi wa chuo kikuu na wakulima wa miwa na mahindi. Wapo pia madereva wa masafa marefu wenye boma zao hapa, ambao hufika nyumbani siku mbili tatu kisha wakarudi Mombasa kubeba mzigo mwingine. Mzee mmoja wa miaka hamsini na kitu alikuja na karatasi ya mwajiri mpya, iliyotaka daktari athibitishe kuwa afya yake inamruhusu kuendesha trela. "Daktari, wewe nigongee muhuri tu," akaniambia, "gari linanisubiri Kanduyi." Nilimpima shinikizo la damu, ambalo lilikuwa juu kidogo. Nilimsomesha herufi za ukutani, nikasikiliza moyo na mapafu. Mambo yote hayakuchukua dakika kumi. Niligonga muhuri.

Miezi minne baadaye alikuja mkewe. Lori lilikuwa limeacha barabara alfajiri, pasipo kona wala mvua, likalala ubavu ndani ya shamba la mtu. Mumewe alivunjika mfupa wa paja. Utingo wake, kijana wa miaka 20, alikatwa mguu chini ya goti. Mama huyo hakuja kunilaumu. Alikuja kutafuta dawa za kidonda. Lakini katika mazungumzo alisema neno ambalo halijanitoka: "Huyu mzee hukoroma hadi watoto wanahama chumba. Halafu hunyamaza kimya, kama amekata roho. Mimi humsukuma ndipo avute pumzi."

Ndugu msomaji, huo ni ugonjwa, na dalili zake mama huyo alizieleza vizuri kuliko vitabu vyangu vingi. Mgonjwa anapolala, koo hulegea na kuziba. Hewa haipiti, oksijeni hushuka katika damu, na ubongo hushtuka kumwamsha ili apumue. Hushtuka hivyo mara nyingi usiku mzima na asubuhi hakumbuki hata mara moja. Atakuambia amelala saa nane, na kwa kweli hajalala. Huamka na maumivu ya kichwa, husinzia mchana akiwa ameketi, na shinikizo lake la damu huwa gumu kutulia. Huwapata zaidi wanaume wanene wenye shingo nene. Mwanamume ambaye shingo yake imezidi inchi 17 anafaa kuulizwa jinsi anavyolala. Shingo ya mzee yule niliiona. Sikuipima.

Sasa tazama yale ambayo dereva huulizwa anapotafuta leseni ya lori. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, imeyagawa magari ya mizigo katika madaraja, kuanzia lori dogo la C1 hadi CE la trela. Mwanafunzi hujifunza alama za barabarani, husukuma kigari juu ya ubao uliochorwa njia, hurudisha gari nyuma, hueleza jinsi ya kukagua magurudumu, taa na breki za upepo. Hujua kwamba gari kubwa la mizigo lisizidi kilomita 80 kwa saa. Hujifunza kwamba mteremko mrefu hushukwa kwa gia ndogo, si kwa kukanyaga breki njia nzima, maana breki zikichemka hupoteza nguvu, na kwamba kuweka nyutro ili kuokoa mafuta ni kuitafuta ajali.

Sina ugomvi na masomo hayo. Aliyeona picha za njia panda ya Londiani, pale lori lililobeba kontena lilipowavamia wachuuzi na abiria tarehe 30 Juni 2023 na kuua watu zaidi ya 50, hawezi kusema kwamba mafunzo ni upuuzi. Nasema tu kwamba tunalikagua gari lote na kumwacha aliyeketi nyuma ya usukani. Kuhusu mwili wake, Sheria ya Trafiki humtaka mwombaji atangaze mwenyewe kama ana maradhi yanayoweza kumfanya awe hatari kwa umma. Atangaze mwenyewe! Mtu mwenye watoto wanne shuleni na kazi inayomsubiri Kanduyi.

Sheria hiyo hiyo inasema kwamba dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa nane katika muda wa saa 24. Ni sheria nzuri. Chukua kalamu tupige hesabu. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Ukijumlisha vilima, miji na foleni za mizani, lori lenye mzigo likienda wastani wa kilomita 60 kwa saa limefanya vizuri. Hizo ni saa 15 za usukani, yaani siku mbili kamili kwa mujibu wa sheria, kabla hajaingia Uganda. Madereva ninaowatibu huniambia kwamba tajiri huwalipa kwa safari, na simu hulia usiku kuuliza wamefika wapi. Anayelala hupoteza safari. Mwisho wa mwezi, anayetii sheria hupeleka nyumbani pesa kidogo kuliko anayeivunja.

Basi hutafuna miraa. Simlaani mtu kwa hilo, maana hata sisi madaktari tulipokuwa mafunzoni tulikesha kwa kahawa kali ambayo sasa tumbo langu linailipia. Lakini miraa huficha usingizi tu, haiupunguzi. Nguvu yake ikiisha, usingizi hurudi wote kwa pamoja, na mara nyingi hurudi alfajiri. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi mwili wa binadamu hutaka kulala, awe amezoea kukesha au la. Jambo hilo hurudi kwa udogo mchana, saa nane hadi saa kumi.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hutenda kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi za Ulaya hukutoa barabarani. Akifika saa 24, ni kama asilimia 0.10. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri amekwisha kufika saa 17 ifikapo saa nne usiku. Polisi wetu wana alkoblo ya kunasa pombe. Cha kunasa usingizi hawana. Na usingizi wa usukani haungoji ufumbe macho ukajilaza. Huja kwa sekunde tatu nne, macho pengine yakiwa wazi. Kwa kasi ya kilomita 80, sekunde nne ni mita karibu 90. Simama kwenye goli la uwanja wa mpira ulitazame lile jingine, ndipo utaelewa.

Yapo na mengine. Dereva mwenye mafua hununua Piriton dukani kwa shilingi chache, hameza mbili na kuwasha gari, hali dawa hiyo hulegeza macho na akili. Mwenye kisukari anayetumia Daonil au sindano ya insulini, akiruka chakula kwa sababu ya foleni, sukari hushuka. Hutoka jasho, hutetemeka, kisha huchanganyikiwa akidhani ni uchovu tu. Presha ya macho hula pembe za mtazamo polepole, hivi kwamba mtu husoma herufi zangu za ukutani vyema lakini hamwoni mwendesha bodaboda aliye kando yake.

Kwa miaka mingi kurasa za afya kama hii zilipomtaja dereva wa lori zilimtaja kwa jambo moja tu: Ukimwi. Tulimgawia mipira na vijikaratasi kila kituo. Ilikuwa lazima, na wengi waliokolewa. Ila kwa muda wote huo hatukumwuliza analala wapi na kwa saa ngapi. Mwaka 2020, wakati wa Uviko, foleni ya Malaba ilipofika kilomita nyingi, watu walisema angalau madereva wanapumzika. Foleni si kitanda. Husogea mita 20, husimama, husogea tena, na atakayelala atapitwa.

Kwingineko wameona mbali. Marekani dereva wa lori kubwa hubeba cheti cha daktari kisichozidi miaka miwili, na huruhusiwa usukani saa 11 baada ya kupumzika saa kumi mfululizo. Uingereza hupimwa na daktari kabla ya leseni, kisha tangu miaka 45 kila baada ya miaka mitano. Sisemi tunakili yote. Nasema kila anayeomba daraja la C kwenda juu apimwe na daktari, na apimwe tena kila baada ya miaka michache: macho pamoja na pembe zake, sukari, shinikizo, shingo, na maswali ya usingizi, ikiwezekana mkewe akiwepo. Daktari anayegonga muhuri kama nilivyogonga mimi aitwe kujieleza. Na agundulikaye mgonjwa apewe matibabu na muda wa kurudi kazini. Tukimnyang'anya leseni siku hiyo hiyo, hakuna dereva atakayetuambia ukweli tena. Wenye malori nao walipe kwa siku, si kwa safari. Hilo najua litapingwa kuliko mengine yote.

Wewe mwenye ndugu au mume barabarani usingoje serikali. Msikilize anapolala. Ukisikia kukoroma kunakokatika kwa kimya kirefu, mlete. Akihisi macho mazito, asiwashe redio wala asifungue dirisha, hayo hayasaidii kitu. Atafute mahali salama alale dakika 20, hata akinywa kahawa kwanza ni sawa, kwani itaanza kufanya kazi anapoamka.

Siku hizi nauliza. Mwaka jana madereva wawili waliondoka kwangu bila muhuri, na mmoja najua aliupata mjini kabla ya chakula cha mchana.

Mzee yule wa kwanza amerudi, anatembea kwa mkongojo mmoja. Ameacha pombe, amepunguza kilo tisa, na mkewe anasema akilala ubavu kimya kile kimepungua. Kipimo chenyewe cha usiku kucha kinapatikana Nairobi, kwa bei ambayo hawezi. Ameleta karatasi nyingine ya mwajiri. Ninapoandika haya ingali katika droo yangu, haijagongwa, na yeye hupita kila Ijumaa kuiulizia.