Tamasha la Filamu la Zanzibar na Lugha ya Hadhira Yake

Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, hujulikana pia kama Tamasha la Nchi za Jahazi. Jina hilo lina mantiki ya kihistoria: jahazi ndilo lililounganisha pwani ya Afrika Mashariki na Arabuni, Uajemi na Bara Hindi, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za safari hizo. Kila ratiba mpya ya tamasha inapokaribia kutolewa, hamu ya wengi ni kujua filamu zitakazoonyeshwa Ngome Kongwe na zitakazowania Jahazi la Dhahabu. Ni nadra kuulizwa filamu hizo zitamfikia mtazamaji kwa lugha gani. Swali hilo ndilo lililostahili kutangulia.

Utaratibu uliozoeleka ni kwamba filamu ya Kiswahili huwekewa tafsiri ya Kiingereza chini ya picha ili mgeni aielewe. Filamu ya Kifaransa, ya Kiarabu au ya Kihindi nayo huwekewa tafsiri ya Kiingereza. Kwa hiyo mgeni huhudumiwa mara zote mbili, ilhali mkazi wa Mji Mkongwe asiyesoma Kiingereza huhudumiwa pale tu filamu inapokuwa ya lugha yake. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilipoonyeshwa Toronto mwaka 2021, tafsiri ya Kiingereza haikuhesabiwa kuwa anasa bali sharti. Haieleweki kwa nini sharti hilo ligeuke anasa linapomhusu Mswahili.

Hoja moja ya kupinga ni kwamba maneno ya Kiswahili ni marefu mno kwa mistari miwili ya skrini. Sarufi haiungi mkono dai hilo. Kitenzi hatutawaambia kina herufi 13, na ndani yake mna ukanushi, nafsi, wakati, mtendwa na mzizi. Kiingereza huhitaji maneno matano na nafasi 21 kusema hayo hayo. Ni kweli kwamba virai nomino vya Kiswahili hurefuka kwa viunganishi vyake, lakini mazungumzo ya filamu hutegemea zaidi vitenzi. Ugumu halisi uko kwingine: mfasiri hana budi kuamua nani atamwamkia nani shikamoo, na nani ataitwa bibi, shangazi au mwenzangu, mambo ambayo Kiingereza huyaacha bila kuyataja.

Hoja ya pili, kwamba si kila mtu husoma kwa kasi inayotakiwa, ina uzito zaidi, hasa kwa watoto na wazee wanaohudhuria maonyesho ya vijijini Unguja na Pemba. Hata hivyo, jibu lake limekwisha kupatikana mitaani. Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya walisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na wateja wa vibanda vya video wakawafuata kama hadhira ifuatavyo fanani wa ngano. Wanaisimu wengi wameitazama kazi hiyo kama kichekesho, ilhali ni tafsiri yenye kanuni zinazostahili kuchunguzwa.

Gharama haikanushiki. Lakini hakuna anayedai ratiba nzima ifasiriwe kwa mwaka mmoja. Filamu ya ufunguzi, ya kufunga, na moja ya kupelekwa vijijini zingetosha kuwa mwanzo. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za tasnifu. Kufasiri filamu tatu chini ya msimamizi, kisha kupima uelewa wa watazamaji, ni utafiti kamili. Istilahi zitakazozaliwa humo zitakuwa zimejaribiwa mbele ya watu kabla ya kuingia kamusini.

Tangu mwaka 2021 UNESCO imeitambua Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Heshima hiyo itakuwa na upungufu iwapo lugha inayosherehekewa duniani haitapewa mistari miwili ya skrini ndani ya Ngome Kongwe.